Bahari Niliyoileta Kapata

Maji ya bahari yana harufu ambayo watu wa Kolwezi, ndani kabisa ya Kongo, hawaijui. Siku ya kwanza nilipoyakoroga mwenyewe, kwenye pipa la plastiki nyuma ya nyumba, harufu ilipita dirishani ikamfikia mke wangu sebuleni, kwenye godoro alilokuwa hatoki tena. Akaniita.

"Baba ya batoto, imefika?"

Nikamwambia ni chumvi tu kwanza, bado hakuna kitu.

"Hapana. Ile harufu njo yenyewe."

Alikuwa ameiona bahari mara moja tu maishani. Miaka mingi iliyopita tulipita Dar es Salaam tukienda Hija, tukakaa siku tatu tukingoja ndege. Siku ya pili mwenyeji wetu akatupeleka ufukweni wakati maji yamekupwa. Mke wangu alivua viatu, akakunja kitenge chake juu kidogo ya vifundo vya miguu, akatembea juu ya matumbawe mpaka kwenye dimbwi dogo. Ndani yake kulikuwa na mnyama laini, mwenye mikono mingi iliyokuwa ikipepea kama majani, na katikati ya mikono hiyo samaki mmoja wa rangi ya chungwa, mwenye mistari myeupe, akiingia na kutoka. Mwenyeji wetu alieleza kwamba mikono ile inawachoma samaki wengine wote, ila huyo mmoja imempokea. Mke wangu alichuchumaa pale mpaka maji yalipoanza kurudi na kulowesha kitenge. Nilimvuta mkono, nikamwambia, tutarudi. Nilimwahidi kabisa, na tulikuwa tunaelekea mahali ambapo mtu hasemi neno la mchezo.

Hatukurudi. Kwanza lilikuwa paa la nyumba, kisha masomo ya kitinda mimba wetu, kisha nikasema tungoje kiangazi, barabara zikauke. Mimi najulikana kwa subira. Ndivyo nilivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani nikiwa mtoto, baba yangu alipotuleta huku kutoka Kasongo, na ndivyo ninavyowafundisha watoto wa mtaa huu kila alasiri kwenye mkeka. Mke wangu hakunikumbusha hata siku moja. Alikuwa tu akiwasimulia wageni habari za yule samaki, na mimi nikiwa nimekaa pembeni nasikiliza.

Kisha figo zake zikaanza kuchoka. Daktari wa Lubumbashi alisema utafika wakati wa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na kwamba ingembidi ahamie huko, karibu na mashine. Alikataa kabla hata hajaiona. Alisema anataka kulala kwake. Miguu ilivimba, akaacha kwenda jikoni, halafu akaacha kwenda uani. Tulishusha godoro lake sebuleni ili awaone watu wanaopita. Tumaini la safari ya Dar lilikuwa limekwisha, hata kama ningepata gari la namna gani.

Ndipo nikafikiria kuileta bahari ndani. Niliwahi kuona picha za watu wanaofuga matumbawe hai kwenye matangi ya vioo, na nikajiambia hiyo ni kazi ya pampu, mabomba na maji, na mimi sikufanya kazi nyingine maishani. Kwa miaka thelathini nilikuwa fundi wa pampu wa kampuni ya migodi ya shaba, nikitoa maji kwenye mashimo ili wenzangu wachimbe pakavu.

Kioo nilikiunganisha na fundi wa vioo vya maduka mjini. Kilikuwa na urefu wa mita mbili, kina cha kunifikia magotini, vioo vinene vilivyobandikwa kwa silikoni, tukakiacha wiki nzima kikauke. Meza yake niliichomelea mwenyewe kwa vyuma vya pembe, nikaipaka rangi mara tatu. Chini ya meza niliweka tangi la pili la kuchujia, pampu mbili, na betri za kuziendesha umeme unapokatika, maana hapa umeme hukatika bila kubisha hodi. Wanaume wanne walikibeba kioo kuingiza ndani. Mmoja wao, tuliyefanya kazi naye pampuni tangu ujana, alikaa kwenye kiti akafuta jasho, akakitazama.

"Weye muzee," alisema, "miaka makumi tatu tulitoa maji mu shimo. Sasa unarudisha?"

"Hii iko na chumvi," nikamjibu.

"Basi unatupikia!"

Mke wangu alicheka kule kwenye godoro. Wiki hizo alikuwa akicheka kwa urahisi.

Mtoto wa yule mwenyeji wetu wa Dar alinitafutia mtu anayetunza vioo vya samaki kwenye mahoteli huko. Huyo akawa mwalimu wangu. Kila jioni alinitumia sauti kwa simu, nami nilikaa na daftari kama mwanafunzi, mimi ambaye nina wanafunzi wenye ndevu. Alinifundisha kwamba chumvi ya jikoni haifai, kuna chumvi yake maalumu inayokuja kwa magunia. Alinifundisha kupima uzito wa maji, kuyapasha moto mwezi wa sita wetu ukileta baridi, na kuyachuja kwanza mpaka yasibaki na kitu. Na siku moja alisema hivi, naikumbuka sauti yake neno kwa neno:

"Mzee wangu, chuma usiweke humo. Na kuliko vyote, shaba. Shaba kwa samaki si kitu sana, lakini konokono, kamba, matumbawe, na huyo mnyama anayemtaka mama, kwao ni sumu. Hata sarafu isidondoke."

Nilimsikilizisha mke wangu. "Anamwambia mtu ya Kolwezi asiweke shaba," nikasema, na akacheka mpaka akakohoa.

Lakini nililichukua neno lile kwa uzito wote. Nilifungua kila kiungo cha bomba chenye rangi ya shaba nikaweka cha plastiki. Nilinunua mtambo wa kuchuja wenye vichujio vinne, kwa sababu najua maji yetu yanapita kwenye udongo gani kabla ya kufika bombani. Kila nilipotaka kuingiza mkono nilivua saa. Mtu akinitazama siku zile angesema, huyu mzee hatakosea.

Mawe makavu ya matumbawe yalikuja kwa lori, yamefungwa kwenye makunia, pamoja na machache yenye uhai ndani ya boksi lenye maji. Nikayapanga, nikajaza maji, nikawasha taa za buluu. Halafu ikabidi tungoje. Mwalimu alisema wiki sita, mpaka vijidudu visivyoonekana viote kwenye mawe na kuyafanya maji yakubali kiumbe. Hakuna njia ya mkato, alisema.

Kwa mara ya kwanza maishani niliichukia subira. Kila asubuhi baada ya swala nilipima maji, na kila asubuhi mke wangu aliuliza, "Bado?" Nikasema, bado. Uso wake ulikuwa umeanza kuvimba chini ya macho. Wanawake wa mtaa walikuja kumwona mgonjwa, wakakaa na kutazama mawe yaliyolala kwenye maji matupu.

"Mama, na samaki iko wapi?"

"Iko mu njia."

"Batu beko banatafuta samaki ya kula, bwana yako anatafuta ya kuangalia!"

"Mumuache," alisema mke wangu. "Mi njo nilimutuma."

Hakuwa amenituma. Alinisitiri tu mbele ya wageni, kama alivyofanya siku zote.

Wiki ya saba walifika. Walikuja kwa ndege mpaka Lubumbashi, na toka huko kwa gari, ndani ya boksi jeupe lililofungwa kwa gundi ya karatasi. Kulikuwa na konokono kumi, kamba wawili wenye mistari myekundu, vipande vitatu vya matumbawe, samaki mmoja wa rangi ya chungwa, na yule mnyama wa mikono, amejikunja ndani ya mfuko kama kitambaa kilichokamuliwa. Nilidondosha maji yetu tone kwa tone kwenye mifuko yao kwa muda mrefu, kama nilivyoelekezwa. Kisha nikawaweka. Mnyama yule alianguka kwenye mchanga, akakaa hivyo mpaka adhuhuri. Niliporudi kutoka kuswali alikuwa amelishika jiwe kwa mguu wake na kufungua mikono yote. Samaki aliizunguka mara tatu, akaigusa kwa mkia, akaruka nyuma, akarudi. Halafu akaingia katikati, akatulia.

Mke wangu alikuwa ameinuka kwa kiwiko. Siku nyingi hakuwa na nguvu za kuinuka hivyo.

"Amemupokea," alisema. "Unaona? Amemupokea."

Nilisujudu palepale kwenye zulia, kushukuru. Nasema kweli, sijawahi kushukuru kwa moyo mkunjufu kama siku ile, hata Makka.

Jioni yake, kabla ya magharibi, aliniomba kitu.

Nyumba za Kapata, mtaa wetu, ni zilezile, safu baada ya safu, na katika kila sebule utakuta saa ya ukutani, picha ya harusi, na jiwe la malakiti juu ya kabati. Letu nililitoa mgodi wa Musonoi nikiwa kijana, juma alilozaliwa mtoto wetu wa kwanza. Ni kubwa kama mkate, la kijani kibichi, lina mistari ya duara kama pete za mti, na upande mmoja halijasuguliwa, limebaki na manyoya yake kama mahameli. Nilimletea hospitalini nikaliweka kitandani kwake badala ya maua. Tangu hapo kila Ijumaa alilifuta vumbi. Na kwetu, mgeni wa heshima akija kutoka mbali, hapewi kitu kingine. Maaskofu, mashehe, mabwana wa serikali, wote wameondoka Kolwezi na malakiti kwenye mfuko.

"Bale ni bageni," alisema, akionyesha kioo kwa kidevu. "Batoka mbali sana. Na sisi tunabapokea na mawe ya kwao tu? Weka na ile yetu. Pale karibu na yeye, nione bote."

Nilipanda kwenye kiti, nikalitoa kabatini. Nikalisugua kwa brashi na maji yaliyochujwa, nikiwa nimevua saa kwanza. Nikavua saa! Kisha nikalishusha kwa mikono miwili, polepole nisimwamshe mtu humo ndani, nikaliweka chini ya yule mnyama. Kijani kile na chungwa ile pamoja kwenye mwanga wa buluu, hata mimi nilikaa chini nikatazama.

Msomaji ambaye si wa huku atauliza, huyu mzee hakujua? Nilijua kuliko yeyote. Jiwe lile ndilo linalobebwa kwenye makunia na vijana wachimbaji wa Mutoshi, ndilo linalosagwa na kuchomwa mpaka itoke shaba. Mshahara wangu wote ulitoka humo. Lakini kwenye kunia ni madini, na juu ya kabati ni jiwe la mama. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kulitazama lile la kabatini nikaona shaba. Nilitafuta shaba kwenye viungo vya bomba.

Konokono ndio waliotangulia. Siku ya nne niliwakuta wameanguka chali kwenye mchanga. Nikadhani ni uchovu wa safari. Siku ya sita kamba mmoja alikuwa amelala ubavu, na wa pili sikumwona tena. Matumbawe yalijifunga, hayakufunguka kwa taa wala kwa giza. Nilipima chumvi, ikawa sawa. Nilipima joto, sawa. Nilibadilisha maji, nikapunguza mwanga, nikasoma dua. Mnyama wa mikono alianza kusinyaa. Mikono ilijikunja, mdomo wake katikati ukabaki wazi, na samaki akawa anamsukuma kwa kichwa kama mtu anayemwamsha mwenzake.

Mke wangu alikuwa anatazama tu.

Siku ya tisa nilitoka nje na simu, nikamtumia mwalimu picha. Sauti yake ilirudi upesi.

"Mzee wangu, hilo la kijani ni nini?"

"Malakiti," nikajibu. "Jiwe la nyumbani."

"Linatoka wapi?"

"Huku kwetu. Mgodini."

"Mgodini wanachimba nini, mzee wangu?"

Nilikuwa nimesimama karibu na pipa la chumvi. Niligeuka nikalitazama lile la kijani kupitia dirishani. Nadhani na yeye alielewa, kwa sababu baada ya muda alituma sauti nyingine bila kungoja jibu, tena kwa upole sana. Alisema nilitoe, lakini nisijipe tumaini. Shaba imekwisha kuingia kwenye mawe, na kwenye mchanga, na hata kwenye silikoni inayoshika vioo. Itakuwa ikirudi majini kidogo kidogo, miaka na miaka. Samaki ataishi, wengine hapana, na wapya pia hawataweza kukaa humo. Ningehitaji kutupa vyote na kuanza na kioo kingine.

Kioo kingine, na wiki sita nyingine.

Nilingoja mpaka mke wangu aliposinzia, mchana huo, nikalitoa jiwe. Nikalifunga kwenye taulo, nikalificha chumbani chini ya kitanda. Alipoamka nilimwambia mnyama ana ugonjwa wa safari, atapona, tuwe na subira. Mimi ninayewachapa watoto kwa uongo nilimdanganya mke wangu akiwa kwenye godoro la mauti, na nikatumia neno lilelile nililolitumia kumcheleweshea safari yake. Siku ile ndipo nilipolisikia vizuri. Mengi niliyokuwa nikiyaita subira, ilikuwa kuahirisha tu, na Mola alikuwa anajua.

Mnyama aliyeyuka siku mbili baadaye. Sina neno jingine. Aliachia jiwe, akawa ute mweupe, nikautoa kwa kikombe. Samaki alikaa mahali pale pale palipokuwa na mikono, akipepea juu ya jiwe tupu.

Jioni hiyo mke wangu alinishika mkono. Wake ulikuwa mzito, umejaa maji.

"Ile jiwe uliweka wapi?"

Nikaanza kumnyooshea shuka kwa mkono mwingine.

"Baba ya batoto. Niko nauliza jiwe."

"Chini ya kitanda."

"Nilijua siku ile konokono zilianguka. Nilikumbuka ile sauti ya muntu wa Dar." Alipumzika, pumzi zilikuwa fupi. "Ni mi nilikuambia uweke."

"Mi njo niliweka," nikasema. "Mi njo fundi. Weye hukujua."

"Nilijua. Sote tulijua." Kisha akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Sikutaka uone imekufa."

"Nimeona," alisema. "Niko na macho."

Nilimwomba radhi. Nilimwomba kwa ajili ya kioo, na kwa ajili ya Dar, na miaka yote katikati. Nilitaka aniambie nimekusamehe, kama anavyosema mwanamke wa dini. Pengine alilisema moyoni. Kwa mdomo alisema tu nilitoe jiwe nilirudishe kabatini, nisije nikalitupa, ni la mtoto wetu wa kwanza. Nikapanda kwenye kiti, nikaliweka. Akageuza uso upande wa ukuta, na mpaka siku yake hakutazama tena upande wa kioo.

Alifariki Jumatano iliyofuata, baada ya alfajiri, ulimi ukiwa kwenye shahada. Kwa hilo nashukuru. Watu walijaa hadi barabarani, tukamzika kabla ya jua kuinamia, na kwa hilo pia nashukuru. Siku za tanzia wanaume walikaa sebuleni, na kila aliyeingia alitazama kioo kwanza kisha mimi. Yule mwenzangu wa pampuni hakufanya utani.

Nilikuwa nimemwonyesha bahari yake kwa siku tatu njema. Najaribu kushukuru kwa hizo tatu. Nawafundisha watoto kwamba shukrani haipimwi, na wao wanaitika, na nikibaki peke yangu kwenye mkeka naona kwamba yangu imekuwa ya mdomo. Namwomba Mwenyezi Mungu anirudishie ile ya moyo. Bado hajanirudishia, nami simsukumi.

Samaki yuko. Mwalimu aliniambia aina yake yaweza kuishi miaka mingi kuliko mbwa. Amechagua kona ya bomba la plastiki, pale maji yanapoingia, na hujisugua hapo, huingia na kutoka, kana kwamba bomba litafungua mikono. Siwezi kumwekea mwenzake wa kumpokea. Namlisha mara mbili kwa siku.

Ijumaa kabla ya kwenda msikitini napanda kwenye kiti na kulifuta vumbi lile jiwe, maana hakuna mwingine wa kulifuta. Kitambaa hutoka na kijani kidogo upande wa manyoya. Nikimaliza nakwenda uani, nanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, mara tatu, nachunguza kucha moja moja, ndipo narudi kumpa samaki chakula chake.